Triga ya bastola ya rangi: namna ya kuitengeneza mpaka kidole kisiumie

Mwaka wangu wa kwanza katika karakana ya samani pale Mwanakwerekwe, Unguja, ikifika alaasiri nilikuwa nashindwa kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vya mbele vilikuwa vimekaza kama vimefungwa uzi. Nikaona ndiyo kazi yenyewe, kwamba anayepuliza vanishi kutwa lazima aumwe. Siku moja nikapewa kasha la bibi harusi, la mbao ya mfenesi, mbele limechongwa mawaridi na pembeni mnyororo. Nilipoachia triga mwishoni mwa mstari, rangi haikukata. Iliendelea kutoka, ikajaa ndani ya mawaridi, ikaanza kuchuruzika. Siku mbili nilikaa na thina, mswaki na njiti za kibiriti nikitoa vanishi kwenye vishimo vya michongo.

Mzee aliyekuwa akitufundisha hakunigombeza. Aliichomoa bastola kwenye mpira wa upepo, akafumba macho, akavuta triga mara tatu ikiwa tupu, kisha akanirudishia. "Nawe vuta. Umesikia inapogota mara ya kwanza?" Sikuwa nimesikia kitu. "Basi ndio maana umemwaga."

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wenzangu wanaopaka milango, makasha, vitanda na hata gari, kwa bastola hizi za kawaida za upepo: ile yenye kikombe juu kama W-71, ambayo imejaa madukani kwetu, na ile ya kopo chini. Kazi yote ni ya jioni moja. Mwenye mashine ya pampu isiyotumia upepo, ile inayosukuma rangi kwa nguvu inayoweza kufika baa 200, asifuate maelezo haya. Rangi ya mashine ile inapenya ngozi na kuingia ndani ya mkono, na triga yake ina kufuli ambayo haifai kuchezewa na mtu wa karakana.

Triga moja, kazi mbili

Ukivuta triga kidogo, inasukuma kijiti cha vali ya upepo. Upepo unatoka peke yake, bila rangi. Ukiendelea kuvuta, triga inafikia kola iliyopo kwenye sindano, inairudisha nyuma, sindano inatoka kwenye tundu la nozo (mdomo wa mbele wa bastola) na rangi ndipo inapata njia. Ukiachia, mambo yanakwenda kinyume: rangi inakata kwanza, upepo unafuata. Mpango huu una maana kubwa. Upepo ukitangulia, tone la kwanza la rangi linakuta upepo tayari na linasambaa. Rangi ikitangulia, inatema mate.

Kati ya hatua hizo mbili pana mpaka, na kidole kinatakiwa kiusikie. Ndio mgoto aliouliza mzee. Kwa ubao wa meza ulio bapa unaweza kufanya kazi miaka bila kuujua, kwa sababu unavuta mpaka mwisho na kuachia nje ya ubao. Kwenye michongo haiwezekani. Waridi lina bonde na mgongo, unataka rangi nyingi hapa na kidogo pale, na kipimo chako ni kidole tu. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka triga nyepesi, namuuliza kwanza kama anausikia mpaka. Triga nyepesi isiyo na mpaka itampumzisha mkono na kumharibia kazi.

Bastola yenyewe ina asili ya ajabu kidogo. Babu yake ni kichupa cha daktari cha kupulizia dawa kooni. Allen DeVilbiss, daktari wa Toledo huko Marekani, ndiye aliyekitengeneza, na mwanawe Thomas akaligeuza wazo hilo kuwa bastola ya rangi mwaka 1907. Mgonjwa hupuliziwa mara moja mbili. Fundi huvuta triga mara mia kadhaa kwa siku.

Jua kwanza uzito unatoka wapi

Usifungue chochote kabla ya jaribio hili. Vuta triga bastola ikiwa haina upepo wala rangi, mara kumi, polepole. Kisha unganisha upepo, bado bila rangi, uvute tena mara kumi. Mwisho tia thina kidogo kwenye kikombe uvute.

Kama ni nzito tangu ikiwa tupu, tatizo ni la msuguano: pini kavu, rangi iliyoganda, pakingi (kizuizi cha rangi kinachoizunguka sindano) iliyokazwa mno, au kijiti chenye kutu. Kama tupu ni laini na inakuwa nzito pale tu upepo unapoingia, tatizo lipo kwenye shinikizo. Katika bastola nyingi upepo unaoingia huisukuma vali ijifunge, na kidole chako ndicho kinachopambana nao. Nimeona vijana wakifungulia baa 6 moja kwa moja kutoka kwenye tangi la kompresa, halafu wanalaumu springi. Punguza kwenye regyuleta. Bastola ya kawaida kwa vanishi hufanya kazi vizuri kwenye baa 3 hivi, na zile za shinikizo dogo huridhika na baa 2 mlangoni mwa bastola. Geji nyingi zina psi pia, kipimo chengine cha shinikizo. Baa moja ni kama psi 14.5. Soma geji huku umevuta triga, maana ukiachia mshale hupanda na utakudanganya. Ukishusha upepo na rangi ikaanza kutoka matone makubwa, ongeza thina kidogo kabla ya kurudisha upepo.

Na kama ni laini hadi pale unapotia rangi, angalia kitasa cha nyuma kinachopima rangi. Wengi wetu tunanunua bastola yenye nozo kubwa, milimita 1.8, halafu tunapakia vanishi nyembamba na kukikaza kitasa mpaka karibu na mwisho ili isimwagike. Katika aina nyingi kitasa kile ndicho kinachobana springi ya sindano. Ukikikaza unaibana springi, na triga inagonga ukuta ikiwa nusu ya safari. Kidole kinabaki kikisukuma ukuta kutwa nzima. Dawa yake ni nozo ya 1.3 au 1.4 na kitasa kilicholegezwa. Nozo ya 1.8 iweke kwa ajili ya praima nzito.

Mahitaji

Spana iliyokuja na bastola (usitumie koleo, linakula pembe za nati za shaba), bisibisi, mswaki laini wa meno, thina safi, kitambaa kisichoacha nyuzi, mafuta ya cherehani, Vaseline ya kawaida isiyo na manukato, dawa ya meno nyeupe, msasa namba 800 na 1500, na kipande cha tyubu ya baiskeli. Tandika kitambaa cheupe mezani. Springi ya vali ikiruka kwenye mavumbi ya mbao hutaipata mpaka asubuhi.

Mafuta nayazungumzia zaidi kwa sababu hapo ndipo watu wanapoharibu. Usitie mafuta yoyote ya kopo yenye silikoni. Chembe ndogo tu ikifika kwenye rangi, vanishi inakimbia na kuacha vijicho vya mviringo kila mahali, na ukishavipata itakubidi upige msasa upya. Mafuta ya nazi pia hapana. Yanavunda, yanashika vumbi, na baada ya wiki chache triga inakuwa nzito kuliko ulivyoanza. Mafuta ya cherehani ni mepesi na hayana vurugu. Vaseline ni ya zile sehemu zinazohitaji kitu kinachokaa.

Kuifungua

Zima kompresa, chomoa mpira, vuta triga hadi upepo uliobaki uishe. Mwaga rangi. Toka nje au fungua madirisha yote, na kama kuna jiko la makaa karibu la kuchemshia gundi au chai, lizimwe. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kulifuata jiko huko liliko.

Fuata utaratibu huu, usiubadilishe. Kwanza kitasa cha nyuma, springi ya sindano, kisha sindano yenyewe, ukiivuta kwa nyuma bila kuipinda. Baada ya sindano kutoka, ndipo ufungue kichwa cha upepo mbele na nozo. Ukifungua nozo huku sindano ingali imekaa ndani yake, unakwaruza kikalio chao, na kikalio kikishakwaruzika bastola itavuja daima. Kisha pini ya triga, na mwisho vali ya upepo na springi yake. Piga picha kwa simu kila hatua, khasa springi ipi imetoka wapi.

Usiitumbukize bastola nzima kwenye thina ikalala humo usiku. Najua karakana nyingi hufanya hivyo. Thina inakausha pakingi, inaosha mafuta yote ya ndani, na inabeba uchafu wa rangi kuuingiza kwenye njia za upepo ambako haukuwa. Nozo na kichwa cha upepo tu ndivyo viloweke. Vyengine vifute kwa kitambaa na mswaki.

Kutu yetu

Hapa Unguja bastola inaumwa ugonjwa ambao maelezo ya kiwandani hayausemi sana. Hewa ina unyevu mwaka mzima na chumvi ya bahari, na kompresa inaikamua hewa hiyo hiyo. Maji yanajikusanya chini ya tangi, na masika ndiyo kabisa. Usipofungua koki ya chini kila jioni, maji yanapanda na upepo kwenye mpira mpaka ndani ya bastola. Kijiti cha vali kinaota kutu ya kijani kama ni cha shaba, nyekundu kama ni cha chuma, na triga inaanza kwenda kwa mikwaruzo midogo midogo ambayo kidole kinaisikia kama mchanga.

Kijiti hicho kifute kwa kitambaa chenye dawa ya meno, ukikizungusha, mpaka kiteleze baina ya vidole. Suuza, kausha, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Msasa usiufikishe hapo, wala kwenye ncha ya sindano. Ncha ile na nozo zimekatwa ziingiane. Ukiipunguza hata kidogo, rangi itavuja na hakuna triga nzuri itakayokusaidia. Sindano iliyopinda au yenye alama badilisha, pamoja na nozo yake.

Kusugua triga yenyewe

Angalia triga inapogusana na vitu vitatu: pini yake, kichwa cha kijiti cha vali, na kola ya sindano. Kwenye bastola za bei nafuu utakuta sehemu hizo zina ukali ulioachwa na kiwanda. Pitisha msasa 800 uliolowa mara chache, kisha 1500, mpaka ukucha usikwame. Ukingo ambao kidole hukaa nao pia upunguzwe makali namna hiyo hiyo. Mimi kidole changu cha shahada kilikuwa na sugu pale hadi nilipofanya hivi.

Lakini kama triga imepakwa kroma na kroma bado nzima, achana na msasa. Tumia dawa ya meno na kitambaa peke yake. Ukiitoboa kroma, hewa ya bahari itaingilia hapo hapo, na baada ya masika moja utakuwa na kutu chini ya kidole.

Pini ipakwe Vaseline nyembamba. Kama pini imelika na triga inacheza kushoto na kulia, tafuta pini mpya. Triga inayoyumba haiwezi kutoa mpaka ulio wazi, kila mvuto unaanzia mahali tofauti.

Pakingi ya sindano

Hii ndiyo iliyonimwagia vanishi kwenye lile kasha. Nati ndogo nyuma ya nozo, mara nyingi imejificha mbele ya triga, hubana pakingi kuizunguka sindano ili rangi isirudi nyuma. Mtu akiona tone linavuja kwenye triga, anaikaza. Likivuja tena, anaikaza tena. Mwisho sindano imebanwa koo. Springi haina nguvu ya kuirudisha upesi, ndiyo maana unaachia na rangi haikati. Kidole nacho kinabeba msuguano wote huo wakati wa kuvuta.

Legeza nati. Safisha sindano, ipake Vaseline kidogo sana sehemu ya katikati, si kwenye ncha. Irudishe bila springi yake ya nyuma. Kaza nati kwa vidole mpaka igote, kisha kwa spana ongeza kama sehemu moja ya sita ya mzunguko. Sasa isukume sindano mbele na nyuma kwa mkono. Inatakiwa iteleze yote kwa mwendo mmoja, na uhisi imekumbatiwa. Ikikwama, rudisha nyuma kidogo. Ukiilegeza kupita kiasi utajua pia: upepo unanyonywa kupitia hapo na rangi inatoka kwa kutetemeka, inakata, inarudi.

Kama hakuna kiwango kinachozuia kuvuja bila kukwamisha, pakingi imekwisha. Bastola za zamani zina pakingi ya ngozi, ambayo ikikauka inaweza kufufuliwa kwa mafuta ya cherehani ikikaa usiku mmoja. Ile nyeupe ya plastiki haifufuki. Nunua nyengine, ni kitu cha bei ndogo.

Springi

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama springi ikatwe. Hapana. Springi ya sindano ndiyo inayoifunga rangi, na ukiikata pingili mbili utapata triga tamu kwa siku ya kwanza na bastola inayodondosha siku zote zilizobaki. Springi ya vali ukiikata, upepo utavuja kwa mluzi na kompresa haitapumzika. Zifute kutu, zipake Vaseline nyembamba, zirudishe. Springi iliyopinda kwa kutu ndiyo ya kubadilishwa, kwa nyengine ya aina ile ile.

Kuirudisha na kuusikia mpaka

Rudisha kwa kinyume: vali, triga, nozo, na baada ya nozo ndipo sindano. Halafu springi, kitasa, kichwa cha upepo. Usitie rangi bado.

Unganisha upepo kwa baa 2. Weka mkono wa pili mbele ya kichwa, mbali kiasi cha shubiri mbili. Hakikisha kikombe hakina hata tone. Vuta mpaka usikie upepo usoni mwa kiganja, simama hapo, hesabu tatu, endelea. Utasikia triga inagusa kitu cha pili. Ndio mpaka. Achia mpaka hapo, simama tena. Rudia mara ishirini, kumi kati ya hizo umefumba macho.

Usipousikia mpaka, yaani upepo na sindano vinaanza pamoja, kola ya sindano iko karibu mno na triga. Baadhi ya sindano zina nati mbili ndogo zinazofungana. Zilegeze, rudisha kola nyuma kidogo, zifunge. Nyengine kola yake imeshikamana na sindano, hapo hakikisha sindano ni ya bastola hiyo hiyo. Mara nyingi mtu ametia sindano ya bastola ya jirani kwa sababu imeingia.

Sasa tia thina, kisha vanishi, ujaribu kwenye gazeti la zamani lililobandikwa ukutani. Umbali sentimita 15 hadi 20. Anza kusogeza mkono, vuta upepo, vuta rangi, achia rangi, achia upepo, simamisha mkono. Mstari uanze na kuisha bila nundu. Nundu mwanzoni maana yake unavuka mpaka kwa pupa. Nundu mwishoni, rudi kwenye pakingi.

Mkono wenyewe

Triga ikishakuwa nzuri, yaliyobaki ni mambo madogo yenye faida kubwa. Jaza kikombe nusu. Kopo la chini la lita moja likijaa linaongeza karibu kilo nzima mwishoni mwa mkono, na mkono uliochoka hubana triga bila kujijua. Pitisha mpira begani au nyuma ya mgongo usining'inie kwenye mpini. Vuta kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa pingili ya katikati. Ncha za vidole hazina nguvu ya kutwa.

Mpini unaoteleza kwa jasho uvalishe tyubu ya baiskeli. Kata kipande kifupi, kitie maji ya sabuni, kivute juu ya mpini. Tabaka moja tu, na kisifike kwenye triga, kwa sababu mpini ukinenepa vidole vinafika triga vikiwa vimenyooka na nguvu inapotea. Kwa mwenye mikono midogo nasema asivalishe kabisa. Avae glavu nyembamba, ambazo anazihitaji kwa ajili ya thina hata hivyo. Barakoa iwe ya kichujio cha mvuke. Kitambaa usoni kinazuia vumbi peke yake. Na rangi za gari zenye kigandisho cha kuchanganya zina sumu ya mapafu ambayo hata kichujio hakitoshi, zinataka hewa safi ya kuletwa kwa mpira.

Kidole kikiendelea kukwama asubuhi, kikinyooka kwa mlio kama swichi, hilo si la bastola tena. Nenda hospitali mapema, lina tiba.

Kila jioni: pitisha thina safi, futa sindano bila kugusa pakingi, tone moja kwenye pini, tone moja kwenye kijiti cha vali, fungua koki ya tangi mpaka maji yaishe na upepo utoke mkavu. Kisha ining'inize, usiilaze.